Jino la Nyangumi kwa Ajili ya Kelera

Dermot alituapia kwamba filamu yake ya maisha halisi ya watoto waliotoroka kwao na kulala mitaani hapa Suva, Fiji, ingeonyeshwa ng'ambo tu. Kumbe wiki iliyopita wameonyesha vipande vyake katika ukumbi wa kanisa, hapa hapa mjini. Uso wa Kelera, mtoto wa miaka kumi na minne niliyemhifadhi, ulijaa ukutani, na nyuma yake meza yangu ya mihogo sokoni. Nani angekosa kujua pa kumtafuta?

Jumatatu baba yake wa kambo akaja na wazee wawili. Akapiga magoti mbele ya meza yangu, akaninyooshea jino la nyangumi. Kwetu ukilipokea, kosa limesamehewa na halitajwi tena. Kelera angerudi nyumba ile ile aliyoikimbia baada ya mtu huyo kumvunja mbavu mbili.

 Dermot naye akatokea, kamera begani.

"Mama Vasiti, lipokee," akaninong'oneza. "Filamu itapata mwisho mzuri."

"Mwisho wa nani? Sura yake umeshaiuza, sasa unataka na maziko yake?"

Kelera alikuwa amejibana nyuma ya magunia, kanishika sketi. Tangu nizaliwe sijaona mtu akikataa jino. Nikaweka mikono mgongoni.

"Magoti yatakuuma, bwana. Inuka, na jino lako ubebe."

Mzee mmoja akasema nimetukana ukoo wao mzima.

"Ndiyo," nikamjibu. "Wafikishie tusi hilo na wale waliobaki nyumbani."