Namba ya Simu ya Glenys

Nimeendesha basi mjini Grimsby kwa miaka kumi na tisa, na huu ni mwezi wa kumi na moja sijagusa pombe. Shukrani zangu ni kwa Glenys Pargeter, mwalimu mstaafu wa mji jirani wa Louth, aliyeendesha jukwaa dogo la mtandaoni la watu wanaoacha kunywa. Humo sisi tulimjua kama Bibi Chaki, nami nilijiita Kiatu. Kwa kuwa hakuna aliyejua jina langu, niliweza kusema ukweli. Mwajiri wangu angeusikia, ningeondolewa kwenye usukani.

Kisha ikaja sheria mpya ya kuwalinda watoto mtandaoni. Tulizungumzia hata mawazo ya kujiua, kwa hiyo jukwaa lilipaswa kuwazuia watoto. Kila mmoja wetu angethibitisha umri wake kwa picha ya uso au pasipoti, mbele ya kampuni tusiyoijua.

"Kiatu, una miaka mingapi?" mwanachama mmoja aliandika.

"Magoti yangu yana tisini."

"Basi watumie picha ya magoti!"

Tulicheka, lakini nilijua sitatuma chochote. Ningebaki peke yangu, na peke yangu nilikuwa nimeshindwa mara tatu.

Bibi Chaki aliandika: "Watoto wasiingie humu, nakubali. Ila nyuso zenu siwezi kuzikabidhi kwa nisiowajua. Ijumaa nalifunga jukwaa." Chini yake aliweka jina lake kamili na namba ya simu ya nyumbani kwake. "Bora nijulikane mimi. Ninyi pigeni, mseme majina ya humu tu."

Jumamosi iliyofuata timu ya mpira ya mji wetu ilishinda, na madereva wenzangu wakanivuta hadi baa. Walipoingia nilibaki nje, nikapiga ile namba.

"Haya, nani mwenzangu?"

"Kiatu."

"Kiatu! Siku zote nilidhani u mwanamke."

"Samahani."

"Samahani ya nini? Mbele yako kuna nini?"

"Mlango wa baa."

"Upe mgongo. Umeupa?"

"Ndiyo."

"Sasa tembea, mwanangu, uniambie unachokiona. Mimi namenya viazi, sina haraka."

Nilimwambia kila kitu: foleni ya duka la samaki, mbwa aliyevaa skafu ya timu. Alitaka kujua mbwa huyo ni wa rangi gani. Dakika arobaini baadaye niliweka ufunguo mlangoni, naye alikuwa angali nami.

"Umefika?"

"Nimefika. Asante, Bibi Chaki."

"Haya, kata simu. Kuna mwenzio anapiga."