Sikio la Kulia la Hayul

Mama Hayul nilikaa naye meza moja kiwandani kwa miaka, tukipasua kabichi na kuzitia chumvi. Alikuwa mtu wa utani. Msimamizi akipita na uso wake wa kununa, yeye humwambia, "Bosi, kaa mbali na hizi kabichi, zitachacha kabla ya wakati wake," na meza nzima inacheka. Siku hizi hatanii. Nitasema kilichompata, maana hapa mjini kinasimuliwa vingine.

Mumewe, Pyo Gwangsik, ni fundi wa madaraja, yuko kazini mbali na hurudi nyumbani mara moja moja. Mtoto wao ni huyo huyo mmoja, Hayul, na tangu shule ya msingi hakuwa na lingine ila mpira wa mikono. Mji wetu ni wa kabichi na migodi iliyofungwa. Timu ya wasichana ya shule ya kati ndiyo kitu pekee kinachotufikisha kwenye televisheni, na aliyeijenga ni Kocha Tak. Wasichana wake huchukuliwa na sekondari za michezo za mijini, kisha timu za makampuni. Mmoja alifika timu ya taifa. Picha zao zimepangwa mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi. Mzazi akizipita hupunguza mwendo.

Mama Hayul aligundua wakati wa chakula. Baada ya kambi ya majira ya baridi, mtoto alihamia upande wa pili wa meza, na kila akiitwa anageuza shingo. Sauti ya televisheni ikawa juu. Mama akamtania kwamba amemtangulia bibi yake kuzeeka. Mtoto hakucheka. Asubuhi moja mama akaona usaha umekaukia kwenye mto wa kulalia, akamshika mkono mpaka hospitali.

Daktari alisema ngoma ya sikio la kulia imepasuka, na kwa kuwa ilikaa wiki nyingi bila dawa, maradhi yameingia ndani. Tundu angeweza kuliziba, kusikia kusingerudi. Akauliza imekuwaje. Hayul akasema mpira ulimpiga. Daktari akamtazama mama, akauliza tena polepole, na mtoto akatoa jibu lilelile.

Walipoingia kwenye gari, mama hakuwasha injini.

"Mpira gani huo unaopasua sikio?"

"Nilikosa kufunga," Hayul akasema. "Kocha akaniita mbele."

"Akakufanya nini?"

"Kofi. Lakini si mimi tu, Mama. Wote tunapigwa. La kwangu lilikaa vibaya tu."

Maneno hayo, la kwangu lilikaa vibaya tu, Mama Hayul aliyarudia kwangu mara nyingi juu ya kabichi, kama mtu anayesoma bango lililoandikwa kwa lugha asiyoijua.

Alikwenda kwa Kocha Tak. Alitegemea mtu wa kukana, akapata mtu mpole. Alimvutia kiti, akammiminia chai ya shayiri, akasema kwa masikitiko kwamba wasichana wote ni wanawe, kwamba naye alilelewa kwa fimbo, kwamba huenda siku ile mkono ulikuwa mzito.

"Mama Hayul," akasema, "nikiwadekeza, nani atawachukua? Au unataka naye aje akate kabichi?"

Mama alishukuru kwa chai. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kushtaki, kwenye ofisi inayopokea malalamiko ya wanamichezo.

Akaja mchunguzi, kijana mwenye adabu, akakaa maktaba ya shule na kuwaita wasichana mmoja mmoja. Timu ilikuwa na wasichana wanane, na wote walikuwamo ukumbini siku ya kofi. Wenzake wote saba wakasema ni mpira. Hata Sorin, nahodha, ambaye kule kambini ndiye aliyemkokota Hayul mpaka kitandani na kumpa vidonge vyake mwenyewe vya maumivu.

Wazazi wakaitisha kikao kwenye mgahawa wa nyama choma wa Mama Sorin. Hakuna aliyepaza sauti. Waliomba. Kocha akisimamishwa sasa, kabla ya mashindano ya masika, shule itaivunja timu. Wale wa mwaka wa mwisho, Hayul mwenyewe akiwemo, watakwenda wapi, nao hawajafungua kitabu tangu utotoni?

"Sisi hatusemi hakukosea," Mama Sorin akasema huku akigeuza nyama ambayo hakuna aliyeila. "Tunasema ngoja. Watoto wapate shule kwanza, ndipo ushtaki."

"Na wale wadogo wanaobaki?"

"Wadogo wana wazazi wao."

Baba Gyuri, mwenye duka la mbolea, akaongeza kwamba binti yake alivunjwa kidole na kocha huyohuyo, na Siku ya Walimu alimpelekea maua. "Au sikio la wako ni la malkia?" akasema, na wawili watatu wakacheka wakitazama chini.

Mama Hayul, ambaye hata koti hakuwa amelivua, aliondoka. Mumewe, alipompigia simu, alimwambia kwa sauti ya kuchoka kwamba michezo ndivyo ilivyo, aachane nayo.

Majibu ya mashtaka yakaja: ushahidi hautoshi, kocha azingatie lugha yake kwa wanafunzi. Wiki zile za uchunguzi kocha alizotakiwa kukaa nje ya kazi, wazazi walikuwa wamemwalika mazoezini kama mgeni, akisimama kando ya uwanja mikono mifukoni.

Hayul wenzake waliacha kumpa mpira. Walimwita kwa sauti ndogo kutoka upande asiosikia, asipogeuka wakacheka. Alikula peke yake. Mama alijaribu kumhamisha. Timu ya karibu ilikuwa mkoa wa pili, na kocha wa huko, rafiki wa Tak, alisema nafasi hakuna kabla hata hajauliza mtoto anacheza wapi.

Sorin alikuja mara moja kwenye lango la kiwanda, wakati wa mapumziko, kofia imefunika macho. Nilikuwapo.

"Mama mdogo," akasema, "niliona."

"Najua, mwanangu."

"Siwezi kusema. Mama amesema nikisema nimemuua."

 Mama Hayul alimpa chakula chake cha mchana, wali aliouviringisha kwenye mwani, akamwambia ale kwanza kabla ya kurudi shule. Yule binti alikula amesimama, analia, akamaliza wote.

Jioni moja mama alikwenda kumchukua Hayul, akamkuta amepiga magoti ukumbini, mbele ya mlango wa ofisi ya kocha. Wenzake walikuwa wakimpita na mabegi yao. Hakuna aliyemtuma; alijipeleka mwenyewe. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Inuka."

"Niache, Mama."

"Wewe ndiye wa kupigiwa magoti hapa. Inuka twende."

"Sikio limeshakwenda," Hayul akasema bila kuinua kichwa. "Usinichukulie na mpira."

Mlango ukafunguka. Kocha Tak akawaona, mtoto chini, mama juu. Akangoja. Mama Hayul akaelewa anachongojea. Akainama, akainama mpaka akaona ndala za yule mtu na soksi zake nyeupe, akasema, "Tumekusumbua, Kocha. Naomba umpokee mtoto."

Kocha akamwinua Hayul kwa mkono wake mwenyewe, akampangusa vumbi magotini kama baba. Hilo la kumpangusa, Mama Hayul aliniambia, ndilo lililomkaa kooni.

Katika mashindano walishika nafasi ya pili. Hayul alicheza kichwa kikiwa kimeinama upande, na alifunga. Vuli akachukuliwa na sekondari ya michezo, si ile kubwa, lakini sekondari. Kiwandani tulimpigia mama makofi. Aliinamisha kichwa kidogo kutushukuru, akaendelea kutia chumvi.

Machi hii alipeleka ukumbini ndoo ya kimchi, kabichi zetu za kuchachusha, kama wafanyavyo wazazi ambao watoto wao wamemaliza. Mlangoni alikuta mama mgeni na binti yake mdogo, wanatazama picha. Ya Hayul imeshatundikwa. Yule mama akamsalimu kwa heshima, akauliza kama kocha ni mzuri kweli kama wanavyosema.

Hapakuwa na mtu mwingine karibu.

"Yule wa mwisho ni wangu," Mama Hayul akasema. "Hasikii sikio la kulia. Kocha alimpiga kofi, likapasuka."

Yule mama akamvuta mtoto karibu na mwili wake. Akaitazama picha tena, kwa muda mrefu.

"Pole sana, dada," akasema. "Lakini shule alipata?"

"Alipata."

Yule mama akaitikia kwa kichwa, akashusha pumzi, akachutama kumfunga mwanawe kamba za viatu vya mazoezi.