Mgonjwa wa Kitanda cha Kumi na Mbili

Saa nane mchana zamu ya asubuhi ilikuwa ikikabidhi kazi kwa zamu ya jioni. Wauguzi waliizunguka meza ya wodi ya wanawake, na Sista Niachie akaanza kusoma ripoti. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa kila kazi iliyokosa mtu yeye alisema, "Niachie mimi." Alisoma bila kusita. Kitanda cha kwanza, kidonda kimeoshwa. Cha tano, ameruhusiwa kwenda nyumbani. Cha kumi na moja, amepigwa picha ya kifua, majibu bado. Akafunua ukurasa, akaendelea.

"Kitanda cha kumi na mbili. Mama mtu mzima, presha. Kidonge amekunywa saa mbili. Chai kaigusa tu. Anataka dirisha lifungwe, likifungwa anasema joto."

Watu wakatazamana. Wodi ile ilikuwa na vitanda kumi na moja.

"Sasa huyo tumlaze wapi?" aliuliza muuguzi mmoja wa zamu ya jioni, mwanamke mwenye maneno. "Juu ya kabati la mashuka?"

Hapo wakacheka, na Niachie naye akacheka ili asibaki nyuma. Alipoinamisha macho kwenye daftari, ukurasa ulikuwa mweupe. Hakuelewa. Yule mama alikuwa amemwona vizuri kabisa: mishipa ya mkono, pete iliyolegea kidoleni, tabia yake ya kugeuza mto kila dakika. Ilimchukua muda kutambua kwamba mama huyo yuko chumba cha nyuma, nyumbani kwake. Ni mama mkwe wake.

Kicheko kilimkauka. Mama mkwe alikuwa akitumia kidonge kilekile cha presha walichokuwa wakitumia wagonjwa watatu wa wodini. Na saa mbili asubuhi yeye hakuwa nyumbani, alikuwa hapa, na toroli ya dawa. Basi mkono aliokuwa akiukumbuka, ule uliopokea kidonge, ulikuwa wa nani?

Mkuu wa wodi, mama mfupi ambaye miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba, aliacha kucheka kabla ya wengine. Akazichukua kadi za dawa, akazipekua moja moja, akasimama kwenye kadi ya kitanda cha tisa. Daktari alikuwa ameisimamisha jana dawa ya bibi aliyelazwa hapo, kwa wino mwekundu, kwa sababu presha yake ilikuwa imeshuka mno. Chini ya ule wino mwekundu, kwenye mstari wa saa mbili, kulikuwa na alama ya kwamba dawa imetolewa, na sahihi ya Niachie.

"Ulimpa?"

"Sijui."

Katika miaka kumi na minne ya kazi hakuwahi kulitamka neno hilo mbele ya kadi ya mgonjwa. Alijaribu kuirudisha asubuhi ile kichwani, ikaja imechanganyika: toroli inasukumwa kwenye sakafu ya jikoni kwake, mwanawe wa mwisho analilia soksi katikati ya wodi. Alikuwa kazini siku ya kumi na tatu mfululizo. Siku mbili alimshikia zamu mwenzake aliyeuguliwa na mtoto, tatu nyingine za yule aliyekuwa na harusi ya mdogo wake. Nyumbani nako kulikuwa na nguo za kufua, na mume asiyejua vikombe vinakaa wapi. Hakuna aliyemwonea kwa makusudi. Kila mmoja alimwomba jambo dogo tu, akaenda zake akishukuru.

Wakaenda kitanda cha tisa. Bibi alikuwa amelala macho wazi, shuka limefika kidevuni. Mkuu akampima presha. Ilikuwa chini, lakini si chini kuliko jana. Akasema watampima tena baada ya robo saa, na tena, kwa sababu kama alikimeza asubuhi bado hawajui kitamfanya nini. Niachie alishika chuma cha kitanda.

Mkuu akamwuliza bibi kama alipewa kidonge asubuhi. Bibi akasema hakumbuki, yeye ni mzee. Akaulizwa tena, akasema jina la mumewe aliyefariki, ambalo hakuna aliyeliuliza. Mwenye maneno akanong'ona kwamba akili imeshamruka. Lakini bibi alikuwa akimtazama Niachie kwa jicho zima, jicho la mtu anayejua anachokificha.

"Mkimfukuza sisemi," alisema mwishowe.

Mkuu akamwambia hafukuzwi mtu.

"Haya. Sikumeza." Bibi akatoa mkono chini ya shuka, akafungua kitambaa cha kichwa alichokuwa amekikunja kama fungu, na kidonge kilikuwa ndani, kizima, kimeanza kuloa jasho. "Alikuja akatia alama kwenye karatasi yake, akakaa hapa miguuni kwangu, akaniita mama. Akanishikisha hiki, na kabla sijaomba maji akawa kalala. Kakaa hivyohivyo, kashika bilauri. Mimi nitamwamsha vipi mtoto wa watu? Nikamtazama tu mpaka aliposhtuka mwenyewe, akaenda kitanda cha jirani."

Mwenye maneno aligeukia dirisha. Niachie alitaka kumshukuru bibi, akajikuta anamwomba radhi, kisha hata radhi akaiacha katikati, kwa kuwa hakujua anaombea lipi: kulala, au kumpa dawa iliyosimamishwa, au kutokumbuka lolote kati ya hayo.

Mkuu akampeleka ofisini, akamwekea fomu ya likizo mbele. Siku saba, alisema, na zile zamu za watu zirudi kwa wenyewe. Niachie alifika kwenye mstari wa sababu, kalamu ikasimama.

"Niandike nini? Siumwi."

"Andika umechoka."

"Hiyo nayo ni sababu?"

"Leo ilitaka kutuulia mtu," mkuu alisema taratibu. "Mwanangu, ingekuwa homa usingeniuliza."

Akaandika. Mwandiko ulipinda kama wa mtoto. Hata hivyo hakukubali kuondoka mpaka presha ya bibi ilipopimwa mara ya tatu na kuonekana haijashuka. Alipotoka nje ya geti jua lilikuwa bado kali, na hakukumbuka mara ya mwisho alitoka mahali bila kuwa anachelewa mahali pengine. Akasimama tu. Watu walimpita kushoto na kulia.

Simu ikalia. Mumewe alitaka kujua atapitia sokoni saa ngapi.

"Sipitii," alisema. "Nikifika nalala."

"Unaumwa?"

"Nimechoka."

Mumewe akauliza, kwa sauti ya mtu aliyepotea kabisa, sasa watoto watakula nini.

Niachie alilifikiria swali hilo kwa dhati, kama alivyozoea. Akatafuta jibu, hakulipata, na akashangaa kwamba hakuogopa.

"Sijui," alisema, akaanza kutembea polepole kuelekea nyumbani.