Tumesoma Wote

Wiki ile kila aliyeingia kwenye duka la jezi la Mjomba Mbwana, pale Manundu, Korogwe, alitaka jina moja tu mgongoni: Naisiae, namba kumi na moja. Kazi ya kubandika majina ilikuwa ya Mwaija. Alipanga herufi moja moja juu ya kitambaa, akashusha kifuniko cha mashine ya moto, akasubiri, akainua. Jina likatoka jeupe, limenyooka, linang'aa. Mteja akalishika kwa vidole na kutabasamu kama vile amelizaa yeye.

"Safi sana, dada. Huyu binti atatufikisha mbali."

"Atawafikisha," Mwaija alijibu, na kuichukua jezi nyingine.

Naisiae alikuwa binti wa wafugaji wa Kimasai wa upande wa Misima, Handeni. Sasa alikuwa winga wa timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka ishirini, na Jumapili iliyopita, jijini Dar es Salaam, alikuwa ameifunga Uganda mara mbili. Bao la pili alilifunga kwa mguu wa kushoto, baada ya kumwacha beki amekaa chini. Video yake ilizunguka kwenye kila simu ya Korogwe. Mwaija aliitazama akiwa amejifungia chooni, akairudia, akairudia tena, akitafuta kosa.

Mguu ule wa kushoto aliufundisha yeye. Mwaija alikuwa kidato cha nne na nahodha wa timu ya shule huko Handeni wakati Naisiae anaingia kidato cha kwanza, mrefu, mwembamba, hajui hata kufunga kamba za viatu vya mpira. Kila jioni Mwaija alimsimamisha mbele ya ukuta wa bweni na kumkataza kutumia mguu wa kulia. Mwaka huohuo wakaitwa wote kwenye majaribio mjini Tanga. Walilala chumba kimoja, wakala sahani moja. Mwishoni kocha akasoma majina, na la Mwaija halikuwemo.

Alirudi nyumbani na habari ya goti. Aliumia, alisema, dakika za mwanzo kabisa, ndiyo maana. Mama yake aliamini, shule iliamini, na alipohamia Korogwe kumsaidia mjomba wake dukani, Manundu nzima ikaamini. Hapo alijulikana kama mchezaji hodari aliyeangushwa na goti. Hata bandeji alikuwa nayo, akiivaa siku ambazo wateja ni wengi.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya ubishi. Wapenda mpira walikaa kwenye benchi mbele ya duka, na Mustapha, dereva wa bodaboda, aliwarekodi kwa simu na kurusha mabishano yao mtandaoni, ambako alikuwa na wafuasi wengi kuliko alivyokuwa na abiria. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Valentino, mfanyakazi wa kiwanda cha mkonge cha huko Ngombezi, mtu wa sauti nzito asiyeamini kwamba Tanzania inaweza kumfunga mtu yeyote.

"Tumewafunga Waganda, sawa," Valentino alianza. "Lakini mtoe yule Mmasai, hiyo ni timu gani? Zambia wana mawinga kama yule wamejaa benchi. Na tukipita hapa tunakutana na Nigeria. Nigeria, jamani! Wale mabinti wana miili, wana mbio, wamezaliwa na mpira. Tutalia."

"Hiyo Nigeria unayoiogopa ni ya zamani," Mustapha akamkata. "Siku hizi wanahangaika na kila mtu. Sisi tuna kipa mwenye mikono, tuna beki asiyepitika, halafu tuna Naisiae. Ana miaka kumi na tisa tu, Valentino! Akifika ishirini na tatu atakuwa wapi? Ulaya huko."

"Mchezaji mmoja hafanyi timu."

"Anaifanya iogopwe." Mustapha akageuza simu kuelekea dukani. "Mwaija, mbona kimya? Si wa kwenu Handeni huyu? Tuambie, ni mkali kweli au tunadanganyana?"

Mwaija aliegemea mlango. "Mbio anazo," alisema taratibu. "Akili ya mpira bado. Na huo mguu wa kushoto nimemfundisha mimi."

"Wewe?" Valentino akaangua kicheko. "Kumbe mwanafunzi alikupita mlangoni akakuacha unashika kitasa!"

Alitania tu. Lakini benchi zima lilicheka, hata Mustapha, na kicheko kile kilimwingia Mwaija mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupagusa. Naye akacheka. Kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo:

"Chini ya ishirini! Haya."

"Haya nini?" Mustapha akauliza.

"Mimi nina ishirini na mbili. Na Naisiae tumesoma wote. Pigeni hesabu wenyewe."

Benchi zima likamgeukia. Valentino akauliza kwanza. "Unasema amedanganya umri?"

"Mimi sijasema. Nimesema tumesoma wote."

Na ilikuwa kweli kwamba walisoma shule moja. Alichokimeza ni kwamba walipishana madarasa matatu.

Kufikia Jumatatu sauti yake ilikuwa imefika mbali kuliko miguu yake ilivyowahi kufika. Watu wa Dar walibishana juu yake, Waganda waliisambaza kwa furaha, mtangazaji wa redio moja aliirudia neno kwa neno. Watu waliacha kuja kununua jezi, wakaja kumuuliza. Naye aliwajibu, "Mimi sitaki maneno," kwa namna ya kuwafanya waamini kwamba anayo mengi. Siku mbili hizo alikula vizuri na kulala vizuri. Mashine ya majina ilikaa imezimwa, na yeye akaifunika kwa kitambaa.

Kisha ikatangazwa kwamba Naisiae hatacheza mechi ya marudiano kule Kampala mpaka umri wake uhakikiwe. Tanzania ilifungwa, lakini ikapita kwa shida kutokana na yale mabao yake ya Dar. Jioni hiyo simu ya Mwaija iliita.

"Dada Mwaija." Bado alimwita dada. "Ile sauti ni ya kwako?"

Mwaija aliangalia mtaani. "Ni yangu."

"Nilifikiri labda wameunganisha maneno." Naisiae alikuwa anaongea chini chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na walio chumba cha pili. "Wamenipima mifupa. Wenzangu wakiniona wananyamaza. Kocha hanitazami. Dada, si unajua mimi nilikukuta kidato cha nne? Waambie tu hivyo. Watakusikiliza wewe."

Ingekuwa rahisi angetukanwa. Angetukanwa, angejua la kujibu. Lakini binti alikuwa anamwomba, kama alivyokuwa akimwomba viatu, kama alivyomwomba amsubiri watoke pamoja bwenini, na Mwaija akawaza: Hata akiwa ameanguka, huyu ni mzuri kuliko mimi.

"Naisiae, nina mteja," alisema, akakata. Duka lilikuwa tupu.

Alhamisi mama yake alipiga simu kutoka Chanika, Handeni mjini.

"Mama yake Naisiae alikuja hapa. Ameleta maziwa kama siku zote. Nikamkaribisha chai, akakataa. Akaondoka bila kusema neno. Mwanangu, umefanya nini?"

Asubuhi yake Mwaija alipanda basi la kwanza la Handeni, akaenda moja kwa moja sokoni Chanika, mahali ambapo kina mama wa Kimasai hukaa na madumu yao ya maziwa. Mama Naisiae alikuwepo, amekunja miguu, shuka la bluu begani. Mwaija akainamisha kichwa mbele yake, kama watoto wa Kimasai wanavyowasalimu wakubwa, kama alivyokuwa akifanya tangu enzi za shule.

"Shikamoo, yeyo," alisema, akimwita mama kwa Kimasai.

Yule mama alichelewa kunyanyua mkono. Mwishowe akamgusa utosini, haraka, akauondoa.

"Marahaba. Nimekusikia kwenye simu ya Taiyo," alisema. Taiyo alikuwa kaka yake Naisiae. "Nikamwambia arudie. Nikamwambia, hiyo siyo sauti ya Mwaija. Mwaija amelala nyumbani kwangu, amekunywa maziwa ya ng'ombe wangu."

"Ni mimi, yeyo."

"Najua ni wewe. Baba yake alikataa asiende mpira, unakumbuka? Wewe ndiye uliyekuja ukakaa naye zizini mpaka akakubali. Sasa nataka kujua kitu kimoja. Mtoto wangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu."

"Basi?"

Mnunuzi alifika na chupa yake. Mama Naisiae akampimia maziwa, akafunga dumu, akageuka tena na kusubiri.

"Walimchukua yeye," Mwaija alisema. "Tulienda wote Tanga, wakamchukua yeye. Mimi nilikuwa nahodha. Mimi ndiye niliyemfundisha. Wakamchukua yeye."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa mdomo wake, na yalitoka madogo, ya kitoto, katikati ya watu wanaonunua nyanya. Alianza kulia. Mama Naisiae hakumbembeleza.

"Aliyechagua si mimi," alisema. "Wala si yeye. Nenda ukaseme kweli palepale ulipousemea uongo. Kama ni wivu, baki nao, ni wako. Mtoto wangu muache."

Jumamosi ilipofika benchi lilijaa kupita kawaida, kwa kuwa mechi na Nigeria ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Mwaija alitoka dukani akasimama mbele ya Mustapha.

"Washa simu."

"Una mpya?" macho ya Mustapha yakang'aa.

"Washa."

Akasema. Kwamba yeye alikuwa kidato cha nne, Naisiae kidato cha kwanza. Kwamba aliwaacha watu wakosee hesabu kwa makusudi. Kwamba Naisiae hajadanganya umri, na mtu yeyote wa shule ile anaweza kuulizwa. Mustapha alikuwa ameishusha simu kabla hajamaliza, akalazimika kuinyanyua tena.

"Sasa kwa nini ulisema?" Valentino aliuliza. Safari hii hakuwa anatania.

"Kwa sababu mlinicheka. Na kwa sababu nilimwonea wivu."

"Lakini wewe uliumia goti, Mwaija. Kila mtu anajua usingeumia..."

Hakuwa amekusudia kufika huko. Angeweza kuitikia kwa kichwa na jambo likaishia hapo.

"Goti langu ni zima," alisema. "Hawakunichagua tu."

Valentino akatazama viatu vyake. Hakuna aliyecheka, na Mwaija akagundua kwamba ukimya wao ulimuuma zaidi ya kile kicheko. Mjomba Mbwana, aliyesikia yote kutoka ndani, alikuja kusimama nyuma yake.

"Ingia ndani," alimwambia. "Watakutukana sana. Nenda kapumzike."

Walimtukana kweli. Mtandaoni walimwita mchawi, wakamwita nyoka. Mwanamke mmoja alikuja mpaka dukani, akamtazama juu hadi chini, akaondoka bila kununua. Siku nne baadaye ikatangazwa kwamba umri wa Naisiae ni sahihi na amerudi kikosini. Kama ni vipimo ndivyo vilivyomrudisha, au ni maneno ya Mwaija, hakuna aliyesema. Usiku huo uliingia ujumbe mfupi: "Nimeiona. Asante. Ila usinipigie kwanza." Mwaija aliandika jibu refu, akalifuta, akaandika "Sawa."

Siku ya Nigeria aliingia kwenye banda la kuonyeshea mpira, akakaa mstari wa nyuma. Valentino alimwona, akasogea kidogo kumpa nafasi. Naisiae alianzia benchi, akaingizwa kipindi cha pili Tanzania ikiwa nyuma kwa bao moja. Banda lote lilisimama kumpigia makofi.

Mwaija alimtazama kama mchezaji anavyomtazama mchezaji. Naisiae alipokea mpira akiwa ameupa mgongo ukuta wa mabeki, na kabla mpira haujatulia mguuni alikuwa ameshageuka. Hilo Mwaija hakumfundisha. Hilo yeye mwenyewe hakuwahi kuliweza, hata siku moja, na makocha wa Tanga walikuwa wameliona kwa binti wa miaka kumi na tano wakati yeye analala naye chumba kimoja haoni. Kulijua hilo kulimuuma, lakini maumivu haya yalikuwa safi kuliko yale ya zamani.

"Unaonaje?" Valentino alimnong'oneza.

"Wanamkaba wawili," Mwaija alisema. "Akitoka pembeni aje katikati, hawamuwezi."

Dakika chache baadaye akaja katikati. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, akabaki na kipa peke yake. Akapiga kwa kushoto, akaanguka, na mpira ukagonga mwamba, ukaenda zake nje.

Watu walilia, wakashika vichwa. Na moyo wa Mwaija, kabla hajauzuia, uliruka kwa furaha.

Ulikuwa mruko mmoja tu, mfupi. Alikaa nao, ameinamisha uso, masikio yanamuwaka, asimwambie mtu. Kwenye televisheni Naisiae alikuwa ameshanyanyuka, anakimbia kurudi nyuma, ameinua mkono kuomba mpira mwingine. Mwaija akainua uso, akaendelea kutazama.