Matanga ya Mama Furaha

Kila Jumamosi saa kumi alasiri Kisangani nzima ilisikia sauti ya Virginie, na hakuna aliyemjua. Katika mchezo wa redio aliitwa Mama Furaha, mwanamke wa maneno makali anayefundisha majirani kuchemsha maji na kunawa mikono. Nyumbani kwake Kabondo aliongea kidogo sana, tena kwa kunong'ona. Mama yake na wadogo zake walikuwa Isangi tangu vita vilipofunga njia ya mto. Alipika katika sufuria ndogo, akala akitazama ukuta.

Hakumaliza shule ya msingi. Tonton Médard, mkubwa wa mchezo ambaye wote walimwita mjomba, ndiye aliyemsomea karatasi za mchezo, naye akashika maneno kwa masikio. Pale redioni ndipo mahali pekee mtu alipomwita kwa jina lake.

Jumatatu moja alisikia mtoto wa jirani akitapika. Akachungulia. Simone, mama wa mtoto, alikuwa akimnywesha maji ya chumvi na sukari, dawa ya kuhara.

"Kunywa, mwana. Mama Furaha alisema nusu kijiko ya chumvi kwa litre."

Virginie akakiona kijiko chenyewe. Kilikuwa kile kikubwa cha kupakulia maharagwe. Vijiko vidogo vya chai askari walivibeba nyumba kwa nyumba, na avenue nzima, mtaa wao wote, haikubaki na kimoja. Akaonja yale maji, uso ukamkunjamana.

"Mwaga," akanong'ona. "Chumvi imezidi."

Simone alimtazama kama amesikia kiti kikisema, lakini akamwaga.

Siku zote zilizofuata Virginie hakulala vizuri. Maneno yale aliyasema yeye. Nyumba ngapi zilikuwa zinapima kwa kijiko cha maharagwe? Na Jumamosi angeyarudia.

Siku ilipofika alimweleza Tonton Médard, macho chini.

"Bon, Virginie. Karatasi imeandika kijiko, tunasema kijiko. Imetoka kwa wakubwa. Wewe uliacha shule mwaka wa ngapi?"

"Wa ine, tonton."

"Alors! Badilisha neno moja tu, juma ijayo Mama Furaha anakufa ndani ya mchezo. Hata kukohoa hatakohoa."

Wenzake wakacheka. Anselme, aliyecheza kama mume wake, akasema, "Na mimi nitaoa mwingine, kijana!" Virginie naye akacheka kidogo, kwa sababu waliomcheka ndio watu pekee aliokuwa nao.

Taa nyekundu ikawaka. Mchezo ulikwenda hewani moja kwa moja, bila nafasi ya kufuta. Alipofika kwenye neno lile, akasogelea maikrofoni. Kisha sauti ya Mama Furaha ikatoka, kubwa kuliko siku zote.

"Wamama, askari walibeba vijiko vyetu vidogo! Muache kupima na ile ya maharagwe, itaua mutoto. Weka chumvi kidogo sana, halafu onja. Kama chumvi iko kupita machozi, mwaga, anza tena. Machozi munajua. Vita ilituonjesha wote."

Tonton Médard alishika kichwa. Mchezo ulipokwisha hakupiga kelele.

"Asante, Virginie. Usirudi."

Jumamosi iliyofuata aliketi mlangoni kwake, redio ya Simone ikisikika hadi uani. Mama Furaha alikufa kwa homa mwanzoni kabisa mwa mchezo, pasipo kusema neno. Halafu vilio vikaanza, na havikutoka redioni. Vilitoka katika avenue.

Simone akaja, kitambaa kichwani, macho mekundu.

"Jirani, kuja. Tunafanya matanga ya Mama Furaha. Mutoto yangu iko mzima kwa sababu yake."

Hakuna aliyewahi kumwita nyumbani kwake tangu mama yake aondoke. Akaenda. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani, wanakunywa chai, wanamsifu marehemu.

"Alisema je, ile ya machozi?" mmoja akauliza. "Chumvi ipungue machozi, ao izidi?"

Wakabishana. Virginie akakohoa.

"Kama chumvi iko kupita machozi, mwaga," akasema, kwa sauti yake ya nyumbani.

Wakamgeukia wote. Simone akatikisa kichwa, kwa upole.

"Maneno ni ile, jirani. Lakini haiko vile. Mama Furaha alikuwa na sauti."

"Ndiyo," akasema Virginie. Akasogea mkekani, ampishe mwanamke aliyekuwa anaingia akilia.