Yai la Kuungua Pembeni

Mama Tan hakuwapenda wageni kutoka ng'ambo mgahawani kwake Chengdu, China. Walionja, wakalia kwa pilipili, wakaacha chakula. Lakini huyu mwenye ndevu hakugusa hata menyu.

"Tofu ya pilipili, Mama, usiipunguze ukali. Wali mabakuli mawili. Moja weka yai, liungue pembeni."

Mama Tan akamtazama tena. Yai la kuungua pembeni lilikuwa la binti yake, Qiulan, aliyemfukuza miaka sita iliyopita kwa kuolewa na mgeni.

Akapika, akaleta. Jamaa akala bila hata kukohoa.

"Nani kakufundisha kula hivi?"

"Mke wangu."

Mama Tan akatazama mlangoni. "Na yeye yuko wapi? Ananiogopa? Kamwambie aingie, siumi."

Mgeni akalisogeza bakuli lenye yai mbele ya kiti kitupu, akachomeka vijiti vya kulia wima katikati ya wali.

"Toa hivyo vijiti," Mama Tan akafoka. "Hapa kwetu wali wa hivyo tunawawekea wafu. Hilo hakukufundisha?"

"Alinifundisha, Mama."