Kibuyu Kilicholala Kimejaa

Barabara ya kuingia Arusha ilikuwa na mteremko mmoja, na hapo Lesikar alikuwa na desturi ya kunyanyua miguu yote miwili kutoka kwenye pedali. Baiskeli ilikuwa mali ya Mgiriki mwenye duka, aliyemtuma kupeleka vifurushi kwenye mashamba ya walowezi. Lakini kwa ule muda mfupi wa kuteremka, upepo ukimjaa kifuani na kuku wakimpisha njia, ilikuwa yake. Wake wa askari walisimama milangoni kumtazama. Walikuwa hawajawahi kuona morani mwenye nywele za kusuka, shuka likimpepea mgongoni, akipita juu ya magurudumu mawili, na yeye hakuwa na haraka ya kuwanyima tamasha hilo.

Kisha lilitokea boma la Wadachi, jeupe, limekaa kana kwamba lilikuwapo siku zote. Baba yake alilibebea mawe kwa kulazimishwa, na mpaka anakufa bega lake moja lilikuwa limeinama. Lesikar alilijua hilo vizuri. Hata hivyo aliupenda mji uliozaliwa chini ya kuta zile, na aliona haya kuupenda.

Aliupenda zaidi jioni, taa za mafuta zilipowashwa madukani kwa Wahindi na ngoma za askari kuanza kupashwa moto uwanjani. Wakati huo aliiegemeza baiskeli kwenye banda la Bi Mwanahawa, mjane wa askari aliyekuja na mumewe kutoka Pangani, akamzika huku, na kwao hakurudi tena. Bi Mwanahawa aliuza wali kwa mchuzi wa mbuzi, na chai ya tangawizi iliyomchoma Lesikar koo kwa namna aliyoitamani mchana kutwa.

Kosa lilikuwa hapo, na Lesikar alilijua kabla hata ya kunawa. Kwao morani hali peke yake. Hata maziwa hayanywi bila mtu wa rika lake kando yake, na nyama iliyoonwa na mwanamke aliyekwisha kuolewa haigusi kabisa. Aliyeuvunja mwiko huo na kujulikana, rika lilimtenga. Vibuyu vilimpita, na hakuna aliyemsogezea tena kipande cha nyama porini. Kwa hiyo Lesikar alikula upesi, jicho mlangoni, kisha akanywa chai polepole, maana chai hakuna mzee aliyewahi kuitaja.

Kiangazi hicho morani wote wa Sekei, kijijini kwao, walikuwa wameteremsha ng'ombe tambarare kutafuta malisho. Walibaki wawili tu: yeye, kwa sababu ya kazi ya Mgiriki, na Saruni, aliyetahiriwa naye asubuhi ile ile, ambaye Wadachi walimshika kwa zamu ya kuvunja mawe ya barabara. Kila jioni Saruni alitoka kwenye mawe akaenda nyumbani kwa mama yake Lesikar, akaketi, akamngoja mwenzake ili wanywe maziwa.

Asubuhi moja Lesikar alimkuta mama yake, Namnyaki, ameshika kibuyu cha maziwa mkononi.

"Hiki kimelala kimejaa," mama alisema.

"Saruni hakuja?"

"Alikuja. Alikaa pale mpaka moto ukazimika, akaniaga vizuri, akaenda."

"Si angekunywa tu, yeyo," Lesikar alimwambia mama yake.

Namnyaki alikitikisa kibuyu. "Na nani?" akauliza.

Neno hilo lilimfuata Lesikar siku nzima shambani kwa walowezi. Aliapa kuwahi nyumbani, na jioni ile kweli aliwahi, ila baada ya kupitia kwa Bi Mwanahawa. Aliketi na Saruni, akainua kibuyu, akalowesha midomo tu, akampa mwenzake. Saruni alikunywa kama ardhi iliyokauka. Alipomaliza aliushika mkono wa Lesikar kumshukuru, akabaki ameushika kidogo zaidi ya ilivyo kawaida. Mkono ule ulinuka bizari.

Tangu hapo Lesikar aliwahi siku hii, akachelewa siku ile. Kila alipochelewa alijiambia kwamba Saruni ni mtu mzima, ana akili, hawezi kujiua kwa njaa kwa ajili ya mwiko. Alijua anajidanganya. Saruni alikuwa mtu wa aina hiyo hasa.

Siku mji ulipojaa watu, kwa kuwa askari walikuwa na sherehe yao, Lesikar hakufikiria hata kurudi. Sahani ilikuwa mbele yake, nje watu wakicheka, na yeye alikuwa na furaha, furaha ya kweli. Mlango ukaingia kivuli, akainua macho. Alikuwa Saruni, mweupe kwa vumbi la mawe, goti moja limechubuka.

"Nimeanguka leo mchana," Saruni alisema, bila kulalamika. "Msimamizi akaniambia niende. Nikaona nikufuate, nikaiona baiskeli hapo nje."

Lesikar alirudisha tonge kwenye sahani. Aliona rika zima likimgeuzia mgongo, akaona kwamba anastahili. Bi Mwanahawa, asiyejua lolote, alikuja na birika la maji ya kunawa.

"Karibu, mwanangu. Keti."

Saruni alibaki mlangoni. Alikuwa akiitazama sahani. "Hapa huwa unakula na nani?"

"Peke yangu."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote."

Saruni aliliegemeza rungu lake ukutani. Akaingia katikati ya benchi na meza kwa shida, kwani hakuwa amewahi kukalia benchi, akanyoosha mikono, Bi Mwanahawa akammiminia maji. Lesikar alielewa kinachotokea, na hofu yake yote ya kutengwa ikawa kitu kidogo kuliko hofu yake kwa Saruni.

"Saruni," alinong'ona. "Yule mama ameshaolewa. Anakuona."

"Najua ananiona."

Alichukua kipande cha nyama, akakipasua, akaweka nusu mbele ya Lesikar, nusu akatia kinywani. Alitafuna polepole, macho ameyafumba, mshipa wa shingo umemtoka. Mtu aliyekaa na njaa kwa siku nyingi hali hivyo, yeye hubugia. Alipomeza, machozi yalikuwa yamechora njia mbili kwenye vumbi la mashavu yake, na hakuyafuta.

"Wenzetu wakirudi na ng'ombe wataniuliza," alisema. "Nitawaambia tulikuwa wawili."

Lesikar alitaka kumwambia aache, ainuke, aende zake akiwa bado na jina. Lakini nyama ilikuwa imekwisha kumezwa. Nje askari walianza kuimba. Saruni alisogeza sahani mpaka ikawa katikati yao sawasawa, akamngoja mwenzake aanze.